Chumba ya Mwangaza na Jiko ya Bibi Mosi

Niko na miaka makumi mbili na sita, na jana nilirudisha funguo ya chumba ya mwangaza. Papa Shabani alicheka mpaka akavua miwani. "Mwamini, hii ni retrete ya wapi, ya mutu mwenye hana hata unywele moja mweupe?" Nikamujibu: retrete ni retrete, kuacha kazi ni kuacha kazi. Miaka tano mu chumba moja na taa moja, inatosha. Juma ijayo ninapanda pikipiki kwenda Kasongo kufundisha mu masomo ya primere, juu diplome yangu ni ya kufundisha, na nimechoka kuiona ikilala mu valizi, chini ya nguo.

Ninyi wawili wenye munabakia na funguo, mulisema mutajifunza polepole. Hapana, jifunzeni mbio. Nimekuwa naandika kaye, daftari yangu, kila siku tangu masomo ya sekondere, na nimetoa humo mambo yenye itawasaidia. Yenye haiwasaidie nimeiacha humo humo, sanasana kurasa zenye nilimutukana dereva wa pikipiki.

Siku ya kwanza nilifika ku santre ya afya ya Kabambare na viatu mu mukono, juu ya matope. Nilizani watanipa kazi ya kuandika fishi za wagonjwa. Papa Shabani, yeye njo anfirmie, muuguzi mukubwa, alinipeleka nyuma ya chumba ya chanjo, akafungua mulango. Ndani iko meza, viti mbili, na sanduku moja nyeupe, bapa, kipimo ya sahani kubwa ya kupepetea muchele. Waya yake ilitoka ku batri, na batri ilitoka ku plake ya jua ya juu ya mabati. Akasema: "Hii ni taa ya Dokta. Ni ya kuponyesha huzuni. Sasa ni yako." Akatoka.

Sina subira, munanijua. Niliwasha, nikaweka uso karibu, nikaangalia ndani kabisa nione dawa iko wapi. Mpaka saa sita nilikuwa naona kila mutu na doa ya kijani ku paji ya uso. Papa Shabani akaniuliza kama nimejua taa. Nikasema ndiyo. "Muzuri. Ile umefanya njo watu wote hawapaswe kufanya. Andika." Njo maana ukurasa ya kwanza ya kaye ya kazi inasema: mugonjwa hakodolee taa macho. Taa inakaa pembeni kidogo, urefu ya mukono, macho wazi, mutu anasoma ao anachambua muchele. Nusu saa. Ni hiyo tu.

Dokta mwenyewe alikuja juma ya pili. Alikuwa amesoma mu inchi moja ya baridi, na taa aliileta ndani ya koti zake. Alitueleza kama kule, mu miezi ya baridi, jua inachelewa sana kutoka na inakimbia mapema. Watu wanaenda ku kazi mu giza na wanarudi mu giza. Basi iko wenye wanashuka kila mwaka, mwezi ile ile: wanalala sana, wanakula ovyo, hawataki kuona mutu. Baridi ikiisha, wanainuka tena. Kule wanawakalisha mbele ya taa kali, asubui, kila siku, na wengi wanapata nafuu.

Nikamuuliza: "Dokta, hapa baridi iko wapi?"

"Haiko."

"Na jua?"

"Iko."

"Sasa taa ni ya nini?"

Alinikamata bega. "Mwamini, iko watu hapa wenye huzuni yao inarudi na mvua. Nimewaona. Sijui kama ni ugonjwa ile ile. Nataka tujue." Nilimuheshimu juu ya ile neno "sijui". Mpaka leo sijasikia dokta mwingine akiitamka na sauti ya kawaida.

Miezi ya kwanza, wagonjwa hawakukuja. Walikuja watu wa kushangaa, na watu wa kuchaji telefone. Papa moja mwenye duka alisimama ku mulango, akaangalia taa, akaangalia inje, akaniambia: "Mama, jua iko bure hapa inje, na ninyi munafunga watu mu nyumba na taa?" Nilimufukuza. Sasa nasema wazi: yule papa alikuwa na akili kunishinda, lakini duka yake inauzisha sukari yenye mawe, basi tuko sawa.

Kisha walianza kuja wa kweli. Fundi wa kushona. Mwalimu moja mwenye alikuwa analala mu darasa. Wachimbaji wa Lusangi wenye wanaingia mu shimo asubui na mapema na wanatoka mangaribi. Nilijifunza kuuliza mbele ya kuwasha: Macho yako inauma? Uko na siku zenye haulale kabisa na unaongea kama redio? Mwenye kusema ndiyo, anaenda kwa Dokta kwanza, taa inangoja. Musiruke ile maulizo. Mukiruka, mutanikumbuka.

Sasa nafika ku Zawadi, na hapa musome muzuri, juu ni kosa yangu.

Zawadi alikuwa na watoto watatu. Kwao ni Lusangi, aliolewa mu kijiji moja, saa moja ya kutembea kutoka santre. Bwana yake, Idi, ni dereva wa pikipiki, anabeba watu na mizigo mpaka Kasongo, anakuwa mu nyumba siku mbili mu juma. Siku zingine zote Zawadi alikuwa na mama mukwe wake, Bibi Mosi. Bibi Mosi njo alimuleta, mwezi ya kumi, mvua ikianza kukaza. Alimusukuma ku kiti kama mutu anaweka gunia.

"Huyu," akasema, "mu kiangazi ni mwanamuke. Analima, anacheka, anabeba maji. Mvua ikianguka, anaanguka naye. Mwaka wa tatu sasa. Analala, anaamuka amechoka, watoto wanalia, yeye anaangalia ukuta. Mimi nimezeeka. Sikuoza mutoto wangu kwa ukuta."

Zawadi aliinamisha kichwa. Alikuwa anaangalia mikono yake.

"Tumeikala, familia, tumekata maneno," Bibi Mosi akaendelea. "Karanga tunapanda mwezi ya pili. Kama mwezi ya pili hajashika jembe, anarudi kwao Lusangi. Watoto wanabakia. Ni watoto wa nyumba yetu."

Pale Zawadi aliinua macho, mara moja. Nilikuwa sijaona macho ile ku mutu. Sikuona hasira ndani. Alikuwa kama mutu mwenye anasikia mutoto anamuita na miguu inakataa.

Dokta alimuona, alimupatia vidonge, akapanga kuongea naye kila siku ya soko. Na akasema taa, nusu saa, kila asubui. Na shida ilianza pale. Saa moja ya kutembea kuja, saa moja ya kurudi, mu mvua, mutu mwenye hata kuoga inamushinda. Juma ya kwanza alikuja mara mbili. Juma ya pili hakukuja. Mimi nilikuwa nahesabu siku mpaka mwezi ya pili. Nikamuambia Papa Shabani: tumupatie taa, apeleke kwake. Wachimbaji mvua imewafunga kule, chumba iko bure, hakuna mutu. Papa Shabani akasema tungoje Dokta arudi. Sikungoja. Nilifunga taa, batri na plake ya jua ku pikipiki ya Idi, nikamuambia: "Nusu saa kila siku. Musikose hata siku moja."

Munaona kosa? Papa Shabani aliiona mbio, siku nilimuelezea. Mimi ilinichukua juma mbili.

Sikusema asubui. Niliona haina haja. Mu chumba yetu taa ilikuwa ya asubui, basi mu kichwa yangu taa ni kitu ya asubui. Lakini kwa watu wote wa hapa, na kwa mama yangu pia, taa inawashwa wakati gani? Wakati giza inaingia! Mutu gani atawasha taa jogoo ikiwika na mbingu imepasuka? Watamucheka.

Basi Bibi Mosi aliiwasha mangaribi. Na nusu saa aliona ni choyo, kitu muzuri vile. Aliiweka mu sebule, majirani wakaja kuona, wakaleta viti. Watoto wa njia nzima walifanyia kazi ya masomo pale. Zawadi alikalishwa mbele, karibu kabisa, mpaka batri ikafa, kila siku. Aliacha kulala. Aliacha kula pia. Juma mbili, na Idi akarudisha taa, ameifunga ku pikipiki na kamba ile ile yangu.

"Mama anasema ahsante," akaniambia, na hakuniangalia. "Taa yenu imemuharibu. Anasema hatungoje tena mwezi ya pili. Nikirudi ku safari ya Kasongo, nitamupeleka kwao."

"Safari ni ya siku ngapi?"

"Siku ine, kama barabara inakubali."

Nilimuambia Papa Shabani yote. Alipangusa miwani. Nilingoja anitukane. Akasema: "Kesho asubui tunaenda pale. Mapema. Mbele yao waamuke."

"Kufanya nini?"

"Kuangalia. Wewe, Mwamini, unajua kukimbia. Kesho utakaa."

Tulifika giza ingali inaanza kupunguka. Mu kiwanja hakukuwa mutu, lakini moshi ilikuwa inatoka mu jiko. Ninyi wa Kabambare munajua majiko ya vile: nyumba ndogo ya udongo, mulango moja ya kuinama, hakuna dirisha. Zawadi alikuwa ndani. Njo desturi ya ile nyumba: muke wa mutoto anaamuka wa kwanza, anawasha moto, anachemusha maji ya wote, anapika, anatwanga sombe, majani ya muhogo, na hatoke mpaka wazee wamekula. Papa Shabani alikaa ku kinu yenye iligeuzwa, akanionyesha mahali ya kukaa. Tukakaa. Jua ikatoka nyuma ya mawingu. Kuku zikatoka. Watoto wakatoka. Bibi Mosi akatoka, akatuona, akatusalimia na mudomo ya kukunja. Zawadi hakutoka. Mara moja niliona mukono yake ku mulango, inatupa maji. Nilikuwa na saa ya telefone: tangu tulifika mpaka alitokeza kichwa, masaa tatu na robo.

Nikamuuliza Bibi Mosi: "Bibi, mu kiangazi anapikaga wapi?"

"Inje, pale." Akaonyesha mafiga matatu, imelowa, katikati ya kiwanja. "Ao ku shamba. Mvua ikianza tunaingia. Ulitaka tupike mu maji?"

Nilisimama. Papa Shabani akanivuta nguo, nikakaa tena. Lakini nilikuwa nimeona. Miezi yote ya kiangazi, yule mwanamuke anapata asubui yote ku uso. Mvua inaanguka, anaingia mu shimo bila kuwa muchimbaji. Na mimi nilikuwa nimemuletea taa, nikaiacha wamumulikie mangaribi!

Papa Shabani akaanza, na sauti ya kucheza. Yeye njo alipokea watoto wawili wa Bibi Mosi siku walizaliwa, basi yeye tu njo anaweza kumuchokoza.

"Bibi Mosi, hii jiko yako, ni ya kupika ao ya kukausha samaki?"

"Wewe uliingiaga humu ukule, hukuuliza dirisha."

"Nilikuwa kijana. Sasa sikia. Tunataka jiko inje. Miti ine, nyasi juu, hakuna ukuta. Mwanamuke apike pale asubui."

"Hapana."

"Juu ya nini?"

Akashusha sauti. "Njia inapita hapa. Mashariki yetu njo njia. Kila mwenye kwenda ku soko ataangalia mu sufuria yangu. Leo iko sombe na mafuta. Kesho iko sombe bila mafuta. Keshokutwa iko maji. Mugi muzima utajua tunakula nini!"

"Mugi muzima unajua tayari. Wewe mwenyewe unaitangaza na kelele kila siku."

Hata Zawadi, ku mulango, midomo yake ilitikisika kidogo. Bibi Mosi aliiona. Mimi pia.

Nikajaribu kueleza mwangaza. Nilisema hata mu siku ya mawingu mazito, inje inashinda taa ya Dokta mara nyingi, na kweli inashinda. Nilisema jicho la mutu linahitaji kuona asubui ili mwili ujue siku imeanza. Bibi Mosi alinisikiliza kama anasikiliza mvua. Kisha nikaacha akili, nikasema kweli: "Bibi, kosa ya taa ni yangu. Sikuwaambia asubui. Usimurudishe kwao juu ya kosa yangu. Nipe siku mpaka mwezi ya pili, vile mulisema kwanza."

Akaniangalia wakati murefu. Akazunguka kiwanja. Akachuchumaa mahali mafiga iko, akaangalia njia. Akasimama, akaangalia tena. Akaweka mukono mbele ya kifua yake, kama mutu anapima mutoto.

"Kama tunazungusha lupango ya matete," akasema, "urefu ya hapa. Mutu wa njia anaona nini?"

Nikasema: "Anaona kichwa ya Zawadi."

"Na sufuria?"

"Sufuria iko chini."

"Eeh." Akapangusa mikono ku kitenge. "Uso waone. Uso si mboga."

Ile wazo ilikuwa yake, musikubali mutu awaambie ni yangu. Mimi nilifikiri jua na saa. Sikufikiri sufuria hata mara moja, na bila sufuria hakuna kitu ingesimama mu ile kiwanja. Idi alirudi kutoka Kasongo, akakuta miti ine imechimbiwa na mama yake anamuita alete nyasi. Aliuliza safari ya Lusangi ni lini. "Leta nyasi," akajibiwa.

Sitawadanganya kama aliinuka kesho yake. Juma ya kwanza, hakuna kitu. Nilienda kila siku mbili, nikimuangalia kama mutu anaangalia maharagi yenye haitaki kuiva. Juma ya pili alisema amelala usiku muzima. Juma ya tatu nilimukuta anagombana na mutoto wake mukubwa juu ya ndala yenye ilipotea, na sauti ilikuwa na nguvu. Nilifurahi sana, mutoto akaniangalia vibaya. Vidonge aliendelea kukunywa, kwa Dokta aliendelea kuja kuongea. Dokta anasema hatuwezi kujua gani ilisaidia zaidi. Mimi nasema ni lupango ya matete. Mu rapore muandike ya Dokta.

Siku moja, tukichambua muchele chini ya ile nyasi, nilimuuliza ilikuwa namna gani, ndani ya jiko. Alifikiri. "Nilikuwa nasikia watoto inje," akasema, "na ilikuwa kama wako ku ngambo ya mto. Nawasikia, lakini mutumbwi hakuna."

"Na sasa?"

"Sasa wananisumbua." Akacheka, akarusha makapi.

Mwezi ya pili nilienda na Papa Shabani siku ya kupanda karanga. Hatukuitwa, tulijifanya tunapita. Shamba iko chini, karibu na kijito. Zawadi alikuwa mu mustari, anapiga mashimo, na mutoto wa mwisho anafuata anatia mbegu, mbili mbili, ingine anakula. Bibi Mosi alikuwa amekaa ku gogo, anaamuru watu. Wake wawili wa jirani walisimama kumusalimia, na moja, mwenye mudomo, akauliza: "Bibi, si mulisema huyu anarudi Lusangi?"

Bibi Mosi akamugeukia.

"Nani alisema?"

"Wewe, Bibi. Ku kisima."

"Mimi? Wewe uko na masikio ya nani? Na hizi karanga nani angepanda, wewe? Pita, pita, unamufungia mutu jua."

Papa Shabani alianza kukohoa, akakimbilia nyuma ya migomba.

Tangu ile mwaka, ile namna ya jiko imefika mu viwanja kumi na moja, naijua yote. Chumba ya mwangaza inabakia, na iko na kazi yake: wachimbaji wa Lusangi, na wale wenye hawawezi kukaa inje asubui. Lakini mbele ya kuwasha taa, muende ku nyumba ya mutu. Mukae. Mungoje aamuke, muangalie asubui yake anaipitisha wapi. Na mukitoa agizo, museme saa, hata kama munaona ni ujinga kuisema. Andikeni "asubui" ku mukono ya mugonjwa kama inafaa. Mimi nilifanyaga.

Juzi nilipita pale kuaga. Mvua ilikuwa ndogo, mbingu nyeupe, ile mwangaza ya mawingu yenye inafunga macho. Nilisimama mu njia. Juu ya matete niliona kichwa ya Zawadi, kitambaa nyekundu, uso ukielekea mashariki, moshi ikimupita pembeni. Alikuwa anaimba kitu bila maneno. Bibi Mosi aliniona wa kwanza.

"Zawadi! Iko mutu ku njia! Ni yule mutoto wa taa!"

"Mama, angoje," akajibu, bila kugeuka. "Wali wangu utaungua."

Nikangoja. Mimi, Mwamini. Nilisimama mu ile mvua mpaka wali ukaiva.